Tupeane uzoefu: doa lililobadilika rangi mikononi mwako

Babu wa Chumbageni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naanzisha mjadala huu nikiwa nimeitandaza kanzu yangu mezani. Jumapili iliyopita nilihudhuria walima hapa Tanga, na katika kunyoosha mkono kwenye sinia, mchuzi wa kuku wa nazi uliokolezwa bizari ya manjano ukanimwagikia kifuani. Nilirudi nyumbani, na bila kumngoja mama watoto nikachukua sabuni ya mche na kulisugua doa lile kwa nguvu zote, nikiamini kwamba litatoka mara moja. Badala ya kutoka, liligeuka jekundu palepale, kama damu ya puani, na kila nilipozidisha sabuni ndivyo wekundu ulivyozidi kukolea. Kanzu ni ya pamba nyeupe, na shingoni ina darizi ya hariri ambayo fundi wake ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo sithubutu kuitia dawa kali.

Naomba kila atakayechangia aeleze kitambaa kilikuwa cha aina gani, doa lilikuwa la nini, na hasa alifanya nini mwanzo kabisa, kwa sababu nashuku kwamba wengi wetu hukosea hapo. Yale ya kusikia kwa jirani tuyaache. Tulete yaliyotukuta wenyewe.

Mwalimu Mstaafu wa Kemia

Wa alaykum salaam, mzee mwenzangu. Ondoa hofu, kwa maana kanzu haijaharibika. Rangi ya manjano inatokana na kitu kiitwacho kurkumini, ambacho hubaki cha njano penye asidi na hugeuka chekundu penye alkali, na sabuni ya mche ni alkali. Nilipokuwa nafundisha, maabara ilipokosa karatasi za litimasi, zile za kupimia asidi na alkali, niliwaelekeza wanafunzi wachovye vipande vya karatasi nyeupe katika maji ya manjano na kuvikausha, na kazi ilifanyika vizuri tu.

Suuza kwa maji mengi hadi sabuni yote iishe, kisha kamulia limau katika bakuli la maji na uchovye sehemu ile. Wekundu utarudi kuwa njano mbele ya macho yako. Mafuta ya tui yatoe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo ukali wake ni mdogo, halafu uianike kanzu ikiwa mbichi kwenye jua kali, doa likielekea juu. Kurkumini haivumilii jua, ingawa itakubidi uwe na subira ya siku kadhaa.

Hofu yako juu ya hariri ni ya haki: klorini huila hariri na sufu. Nami nina kosa langu la kuungama. Nilikuwa na kitambaa cha meza chenye doa kama lako, nikakiloweka katika dawa ya klorini, na nilipoona inachelewa nikakamulia malimau mawili humohumo ndani ya beseni, bafuni, dirisha likiwa limefungwa. Asidi ikikutana na dawa ile hutoa gesi ya klorini. Mimi, mwalimu wa kemia, nilitoka mle nikikohoa machozi yananitoka, na mke wangu hajaacha kunikumbusha hadi leo.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Babu. Kwetu sisi doa la kila siku ni damu, na kosa langu lilikuwa maji ya moto. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, gauni langu jeupe lilipata damu kifuani nami nikaliloweka katika maji yaliyotoka kuchemka, kwa kuwa nililelewa nikiamini kwamba moto ndio unaosafisha. Damu ina protini, na protini ikipata moto huganda kama ute wa yai kwenye kikaango, ikang'ang'ania kwenye nyuzi. Doa lile lilibaki la kahawia mpaka nilipohitimu.

Siku hizi naweka nguo chini ya maji baridi yanayotiririka, kwa upande wa nyuma wa kitambaa, ili damu isukumwe itoke ilikoingilia. Ikiwa imeshakauka, nailoweka katika maji baridi yenye chumvi, na mabaki nayadondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, ambayo hutoa povu ikikutana na damu. Hata hivyo, jaribuni kwanza kwenye pindo lisiloonekana, kwa maana kitenge changu kimoja kilipauka na kubaki na duara jeupe ubavuni.

Mjukuu wa Masasi

Nani kati yenu amewahi kuvaa shati jeupe kwenda kuokota korosho? Mimi nilifanya hivyo nikiwa mgeni likizoni kwa bibi. Maji ya bibo yaliponidondokea yalionekana kama maji matupu, nikayapuuza, na kesho yake shati lilikuwa na madoadoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Nilitumia sabuni, limau, jua na klorini, kila kimoja kwa siku yake, bila mafanikio. Bibi alicheka akaniambia kwamba ndiyo maana watu wana nguo za shambani.

Mhaya wa Mjini

Ongeza hapo utomvu wa mgomba, ambao nao hutoka bila rangi na kuwa mweusi baadaye. Mimi nimeshasalimu amri.

Dobi wa Mbagala

Nafua nguo za watu kwa riziki yangu, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo. Kabla ya doa lolote, ndugu zangu, mjue maji yenu. Nilipohamia huku nilianza kutumia maji ya kisima, ambayo ni ya chumvi, na nguo nyeupe za wateja zikaanza kuwa za kijivu ilhali nilikuwa nazifua kwa bidii ileile. Sabuni ya mche ilikuwa haitoi povu, bali ilifanya utando kama maziwa yaliyokatika, na utando huo ndio uliokuwa ukijipachika kwenye nguo. Mteja mmoja alinieleza, naye hakukosea, kwamba kalisiamu na magnesiamu iliyomo katika maji hushikana na sabuni. Tangu hapo nguo nyeupe nafulia sabuni ya unga, ambayo hushindana vizuri zaidi na maji ya namna hiyo, na suuzo la mwisho nalifanya kwa maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni kununua ndoo.

Bluu nayo watu huielewa vibaya. Haiondoi uchafu, huifunika ile njano ya nguo iliyochakaa ili jicho lione weupe. Nguo ikiwa na doa, bluu haitakusaidia kitu. Kisha msiinyunyize ovyo kama nilivyofanya mwanzoni, nikarudisha shuka lenye vitone vya samawati na kulazimika kulilipa. Ifungeni katika kitambaa, muichovye majini mpaka yachukue rangi kidogo, ndipo muingize nguo iliyokwisha kusuuzwa.

Doa lililowahi kunitoa jasho ni la kutu. Kamba yangu ya kuanikia ilikuwa waya, na shati la mteja likapata mstari wa kutu begani. Nilitia klorini na mstari ukazidi kukolea. Mama mmoja mzee wa mtaani ndiye aliyenifundisha kupaka chumvi na maji ya limau, kuanika juani, kisha kuongeza limau kila linapokauka. Shati lilikuwa la pamba nyeupe na kufikia alasiri lilikuwa safi. Klorini iwe imesuuzwa ikaisha kabisa kwanza, kwa sababu aliyoieleza Mwalimu. Siku hizi kamba zangu ni za plastiki.

Fundi Gereji

Grisi kwenye ovaroli naiondoa kwa mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni ya vyombo bila maji, na maji baadaye. Nafanyia uani, mbali na jiko na mbali na mwenye sigara, na ovaroli haifuliwi pamoja na nguo za watoto.

Babu wa Chumbageni

Nawashukuru sana, na natoa taarifa. Nilifuata maelekezo ya Mwalimu hatua kwa hatua, na limau lilipogusa doa, wekundu ulirudi njano kweli, hata wajukuu wakaomba nirudie. Mafuta yalitoka kwa sabuni ya vyombo. Nimeianika kanzu siku nne mfululizo, nikiilowesha kila asubuhi, na njano imefifia mpaka mtu asiyeambiwa haioni, isipokuwa kivuli kidogo chini ya kifungo cha pili. Mama watoto amekikagua kivuli hicho akasema nivae koti juu yake. Ijumaa nilivaa koti.