Je, inafaa kampuni za teknolojia zitegemee vinu vidogo vya nyuklia?

Swali: Ndugu zangu, Oktoba 2024 Google ilikubali kununua hadi megawati 500 kutoka vinu vidogo vya Kairos Power ifikapo 2035, nayo Amazon ikawekeza katika X-energy, kampuni nyingine ya vinu vidogo. Vituo vya data havilali, ilhali umeme wa jua hukoma jioni. Mnaionaje njia hii?

Jibu la 1: Kitaalamu naiunga mkono. Fueli ya X-energy ni tufe la grafiti lenye kipenyo cha sentimita 6, linalojaa kiganjani kama chungwa dogo, na ndani yake mna maelfu ya punje za urani, kila moja imevikwa tabaka za kaboni na kauri ili masalia yenye mnururisho yasivuje hata joto likipanda mno.

Jibu la 2: Tufe hilo silipingi, kaka, ninachohofia ni gharama. Mradi wa NuScale, kampuni nyingine ya vinu vidogo, uliokusudiwa kujengwa jimbo la Idaho, Marekani, ulifutwa Novemba 2023, baada ya makadirio ya bei ya umeme wake kupanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa, na waliotarajiwa kuununua umeme huo ni miji midogo isiyo na fedha za kuchezea. Heri kampuni tajiri zitangulie kubeba hasara hiyo kuliko mwananchi mwenye bili ya kila mwezi, ilimradi mkataba useme hivyo waziwazi.

Muulizaji: Nashukuru, dada. Na taka je?

Jibu la 2: Hapo ndipo ninapoumia. Marekani haina ghala la kudumu, kwa hiyo fueli iliyotumika hukaa ndani ya makasha ya chuma na zege kando ya vinu. Anayetaka kinu aweke kwanza fedha za kuitunza.