Mjumbe kaanika siri za mayatima, kisha tunaambiwa tumsitiri yeye!

Assalamu alaykum wakuu. Leo nimewaka, mtanisamehe lugha.

Mimi ni katibu wa kamati ya shirika dogo la hisani hapa Lamu. Tunalipia karo watoto mayatima na wasiojiweza, wa mjini na wa vijiji vya jirani. Hakuna mwenye mshahara wala posho. Hata nauli ya boti ya Mokowe kila mjumbe anajitolea mfukoni mwake. Jina la shirika silitaji, wala la mtu, msiniulize huko inbox.

Wiki iliyopita picha ya orodha yetu ya waombaji iliingia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Ile yenye jina la mtoto, simu ya mzazi, na safu ya mwisho tunayoandika sababu ya kuomba. "Baba kafungwa." "Mama yuko kwenye dawa." Pembeni mwa karatasi kimeonekana kidole gumba, na kidole cha pili kina pete ya akiki. Mji huu mdogo. Pete ile tunaijua sote.

Kesho yake mama mmoja muuza mikate ya mofa akaja kwangu. "Mwanangu, nilokwambia wewe ndani ya nyumba yangu, mbona nayasikia uwanjani Mkunguni?" Akataka jina la bintiye lifutwe. Binti alishapita, karo ya muhula ilikuwa tayari kulipwa. Mama kakataa katakata. Anasema atakopa, lakini hawezi kupita mbele ya mabaraza watu wananyamaza akikaribia.

Sasa mwenye pete ni nani? Mhazini wetu. Orodha alipewa aandae malipo ya shule, basi. Kikaoni haonekani, na siku akija anaondoka kabla ya dua. Hesabu za mwaka jana mpaka leo "zinachapwa". Sijui mashine gani hiyo. Katiba yetu wenyewe inasema anayekosa vikao vitatu mfululizo bila udhuru amepoteza kiti. Nilikisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya wajumbe, kila mtu akashughulika na kikombe chake cha kahawa.

Nikamwendea mwenyekiti. "Ami, huyu tumfanyeje?"

"Mwanangu, mtu anajitolea, humlipi kitu, utamfukuzaje? Tena mtu mzima, ana jina lake. Tumsitiri."

"Na yule mama, ami, nani kamsitiri?"

Hapo akanikumbusha kuwa mambo ya kikao hayatoki nje!

Yaani usiri wenyewe tumeupindua. Uzembe wa mjumbe ndio siri. Hesabu ambazo mfadhili ana haki ya kuziona ndizo siri. Lakini ugonjwa wa mama wa watu umeshafika mpaka Faza, kule kisiwa cha Pate.

Na msiseme haya ni mambo ya kuoneana haya tu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu habari za familia yake zisitolewe ovyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hali ya afya na majina ya watoto wa mtu kuwa data nyeti, haiangalii kama aliyeishika analipwa au anajitolea. Data ikivuja na kuna hatari ya kumdhuru mwenye data hiyo, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72, na mwenyewe aambiwe pia. Sisi saa 72 tumezimaliza tukiulizana nani ataanza kumsemesha mzee.

Kuna watakaosema nina chuki na mtu. Sina. Tuliwahi kuwa na mjumbe mwingine aliyeacha kuja. Tulimwita faragha, tukamuuliza kulikoni, kumbe anauguza. Akapisha kiti kwa heshima zake zote, na mpaka leo hutusaidia kutembelea watoto Matondoni na Kipungani. Aliyechoka unazungumza naye, unampunguzia mzigo, unampa njia ya kutoka bila aibu. Huyo ndiye wa kusitiriwa. Aliyepiga picha siri za watoto akazirusha kwenye simu za watu ni kesi nyingine kabisa, na kamati yetu imezifunga zote mbili kwenye leso moja.

Jumamosi baada ya Alasiri tuna kikao. Nitataka hoja yangu iandikwe kwenye kumbukumbu: mhazini asimame kando, vitabu na karatasi zote zirudi, kila mjumbe atie sahihi ahadi ya kutunza siri za waombaji, na wazazi wote waliomo kwenye orodha ile waendewe majumbani waombwe radhi, mwenyekiti akiwa mbele. Wakikataa, naandika barua kwa Kamishna mimi mwenyewe.

Ninachotaka kwenu ni kimoja. Aliyewahi kumtoa mjumbe kwenye kamati ya mji mdogo kama huu, mtu mnayesali safu moja na mkeo ni binamu yake, aniambie alianzaje kikao. Wa "tusianike mambo ya ndani" wapite zao, yalishaanikwa.