Ushauri: nihame phpMyAdmin? Madeni ya dagaa ya Mwaloni yote yamo humo

NyavuKumi: Wakuu habari za kutwa. Natunza hesabu za stoo moja ya dagaa hapa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza: magunia yanayoingia kutoka Ukerewe na Goziba, nani kalipwa, nani bado anatudai. Kanzidata iko kwenye XAMPP, programu inayoendesha seva humu humu kwenye laptopu, naifungua kwa phpMyAdmin, ukurasa wa kuiendeshea kwenye kivinjari. Juzi nimerudisha bekapu ya MB 60, imegoma mara tatu. Kijana mmoja kaniambia hiyo ni ya wazee, nihamie DBeaver, programu nyingine ya kufungulia kanzidata, ni ya bure. Laptopu yangu ina ramu GB 4. Data hazitapotea? Likipotea deni la gunia moja tu, sina kazi.

Fundi_Igoma: Hama tu mkuu. Data haziko ndani ya phpMyAdmin, ziko kwenye seva. Stoo ni ile ile, unabadilisha mlango. Chukua toleo la Community, ndilo la bure. Kwenye kuunganisha chagua aina ya seva ya kanzidata: MariaDB, maana XAMPP waliiacha MySQL wakaweka hiyo tangu 2015. Jina la mtumiaji ni root, nywila acha wazi kama hukuwahi kuiweka. Mara ya kwanza itapakua draiva, programu ndogo ya kuongea na seva, uwe na bando.

SatoMbichi: GB 4 na DBeaver? Ile ni Java, utamaliza chai haijafunguka. Kama una Windows chukua HeidiSQL, nayo bure na ni nyepesi. Halafu phpMyAdmin mnaionea. Imegoma kwa sababu faili lako limezidi ukubwa unaoruhusiwa. Fungua php.ini, faili la mipangilio, ongeza upload_max_filesize na post_max_size, zima Apache, seva ya kurasa ya XAMPP, uwashe tena.

Mama_Nyegezi: Mnabishania mlango, mimi naogopa mkono. Mwaka jana niliandika UPDATE, amri ya kubadilisha, ya bei ya sangara nikasahau WHERE, sehemu inayosema ni mistari ipi ibadilike. Sato, sangara, dagaa, vyote bei moja! Nililala dukani narekebisha kwa risiti. Kwenye DBeaver weka muunganisho uwe Production, mabadiliko hayaingii mpaka ubonyeze Commit (thibitisha), ukikosea, Rollback (futa mabadiliko). Ila kagua majedwali kwanza. Kama ni ya aina ya MyISAM, Rollback haikusaidii kitu. Chukua bekapu, ndipo uyageuze InnoDB, aina inayokubali Rollback.

NyavuKumi: Mama umeniokoa, jedwali la madeni lilikuwa MyISAM kweli. Nimegeuza. Nimeanza na HeidiSQL, laptopu haihemi. Bekapu nimeirudisha kwenye kanzidata ya majaribio, nikalinganisha jumla ya madeni na daftari la bosi: sawa mpaka shilingi. Kimebaki kitu kimoja. Nikiandika amri ya kumtafuta mtu mwenye Ng'wana kwenye jina, inaleta kosa. Na huku kwetu nusu ya wanaotuletea magunia ni hao hao.

Fundi_Igoma: Hahaa, Usukumani hapo! Ile ritifaa (') seva inadhani umefunga maneno. Iandike mara mbili, Ng''wana. Ukijaza moja kwa moja kwenye jedwali la HeidiSQL huna haja, inajirekebisha yenyewe.

NyavuKumi: Imekubali. Wametokea wote, na mmoja tunamdaiwa tangu Januari.

SatoMbichi: *Anatudai* mkuu. Usije ukayaandika hivyo kwenye jedwali.