Trela inagonga ko-ko-ko nikiacha lami, na taa zimepata wazimu. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

MahemaArua
Wakuu, salaam. Niko Arua, kazi yangu ni kukodisha mahema na viti vya harusi na matanga. Nina Hilux ya mtumba, ilikuja tayari ina kiungo cha kuvutia trela huko nyuma. Trela nilitengenezewa hapa mjini, ekseli moja, ikijaa viti na nguzo naikadiria kilo 800. Kikombe chake, kile kinachofunika boli (lile tufe la chuma lililo kwenye kiungo cha gari) na kufungwa kwa komeo, nilinunua kipya.

Kwenye lami ya kwenda Koboko nasafiri kwa raha. Nikiingia marram tu, ko. Nikikanyaga breki, ko. Nikiachia, ko. Mwezi uliopita kijana wangu akaipaka boli grisi nyingi. Kelele zikapungua siku mbili zikarudi, na juu yake taa zikaanza vituko: nikiwasha indiketa ya kushoto, taa za nyuma nazo zinapepesa. Jumamosi nina harusi mbili. Na hiyo grisi, inapakwa au haipakwi? Kila fundi hapa ana dini yake.

KijanaWaNdeeba
Kaka, chomelea boli kwenye bamba lake, haitacheza tena. Dakika tano tu.

FundiBombo
Mwenye uzi, hilo la kuchomelea usilifanye. Boli na shina lake ni chuma kilichopewa ugumu kiwandani. Ukikipiga moto kinaupoteza, au kinapata ufa kando ya mchomeleo, na ufa huo utauona siku trela yako inakupita barabarani. Kijana, sikugombezi, hata mimi nimewahi kuletewa kazi hiyo nikaikataa, mteja akaondoka amenuna.

Kelele ya breki-na-kuachia maana yake kuna nafasi mahali fulani. Mpe mtu usukani, asogeze gari mbele kidogo na nyuma kidogo. Wewe simama pembeni, usithubutu kukaa katikati ya gari na trela. Tazama nati iliyo chini ya boli, tazama boliti zinazoshika kiungo kwenye chasisi, halafu tazama kikombe kinavyopanda na kushuka juu ya boli. Boliti iliyolegea hujisaga yenyewe na kutoa unga mwekundu wa kutu kuzunguka nati. Ila vumbi la huko kwenu nalo ni jekundu, kwa hiyo osha kwanza, piga safari moja, kisha uangalie. Na rangi ikipasuka kwa mstari mwembamba karibu na mchomeleo wa bamba, usiipake rangi mpya juu. Hapo chuma chenyewe kinaweza kuwa kimeanza kufunguka.

Kisha pima boli. Kama huna kalipa, ibane kwa spana malaya, itoe polepole bila kugusa kile kigurudumu, upime mdomo wake kwa rula. Pima pande zote, mbele-nyuma na kushoto-kulia, maana boli huliwa zaidi upande unaovuta. Boli ya milimita 50 ikishafika 49 imekwisha, iondoe.

Sasa grisi. Kama kikombe chako ni cha kawaida, inapakwa, lakini kidogo, kama mafuta unayojipaka mkononi. Ukiijaza, kila chembe ya marram inanasa humo na unakuwa umejitengenezea msasa. Mimi nafuta yote kwa kitambaa chenye dizeli, ndani ya kikombe pia, napaka upya, na gari likiwa halivuti kitu naifunika boli kwa nusu ya mpira wa tenisi. Watoto wa jirani wananichukia kwa sababu hiyo.

UmemeWaGari
Fundi kamaliza chuma, mimi nichukue taa. Dalili hiyo ni ya athi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye gari. Kwenye plagi ya miguu saba, ya mtindo unaotumika sana kwenye magari ya kwetu huku, waya mweupe ndio athi, mguu wa tatu. Wako bila shaka umekatika au umeoza kwenye plagi. Ulikuwa huoni shida kwa sababu umeme ulikuwa unarudi kupitia boli yenyewe, chuma kwa chuma. Kijana wako alipojaza grisi, njia ile ya wizi ikawa mbaya, umeme ukaanza kutafuta pa kupita kwenye taa nyingine. Grisi haikuharibu taa, imekuonyesha ubovu uliokuwepo tangu zamani.

Fungua plagi, kwangua ukijani kwenye miguu, rudisha waya mweupe, na ule mwisho wake mwingine ufunge kwenye chasisi ya trela mahali palipokwanguliwa rangi. Fundi wengi wanaufunga juu ya rangi halafu wanashangaa.

MamaMahindi_Masindi
Kwani huyu kaka ana jeki ya mbele ya trela, ile ya kigurudumu? Mimi kila safari nikishafunga komeo nazungusha ile jeki kama nataka kuinua trela. Makalio ya pikapu yakiinuka pamoja nayo, kikombe kimeshika. Kikichomoka, bora kichomokee nyumbani. Nilianza baada ya gunia zangu kumwagika mtaroni, komeo lilikuwa limefungwa vizuri kabisa kwa macho.

FundiBombo
Hajati umesema. Hicho kipimo kinashinda macho yangu.

DerevaMstaafu
Wanangu, minyororo hamjaitaja! Miwili, ipishane kwa chini kama mikono iliyokunjwa, ili kikombe kikichomoka kiangukie juu yake na si kwenye lami. Na nguzo za mahema usizipange zote nyuma. Mdomo wa trela, pale mbele penye kikombe, ukae na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, kwa kilo 800 ni kilo 80 hadi 120. Weka mizani ya kupimia watu, gogo juu yake, mdomo juu ya gogo. Mdomo mwepesi ndio unaofanya trela iyumbe mkia kama samaki.

MahemaArua
Wazee wangu, hajati, nimerudi. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa chini ya gari.

Waya mweupe ulikuwa haupo kabisa, umekatika ndani ya plagi kama alivyosema ndugu wa umeme. Nimerudisha, taa zimetulia. Nati ya chini ilikuwa imebana. Minyororo ninao mmoja, nanunua wa pili leo.

Sasa sikilizeni. Nilijaribu jeki ya Mama Mahindi nikiwa uani. Kikombe kikapanda, kikasita, kikachomoka pwa! Komeo limefungwa! Nikapima boli kwa spana malaya, rula ikasema milimita 47 na nusu hivi. Nikadhani imeliwa. Lakini pande zote ni sawa, duara safi. Nikafuta grisi yote juu kwa dizeli, na pale kichwani kuna maandishi yamechongwa: 1-7/8. Kikombe kipya nacho kimechongwa 2.

FundiBombo
Inchi 1 na 7/8 ni milimita 47.6. Kikombe chako ni cha inchi 2, yaani 50.8. Boli haikuliwa, haikuwa ya kikombe hicho tangu siku ya kwanza, na grisi ilikuwa imekuficha maandishi. Nunua ya inchi 2, angalia uzito uliochongwa juu yake uzidi wa trela ikiwa imejaa, na unene wa shina uingie kwenye tundu la bamba lako bila kucheza. Baada ya safari ya kwanza kaza nati tena.

KijanaWaNdeeba
Ningechomelea ile ndogo 🙈

DerevaMstaafu
Na ya zamani usiiweke kwenye boksi la spea, mtu ataifunga tena.

MahemaArua
Mzee, mama yangu ameshaichukua. Inazuia mlango wa jikoni.