Msaada wa haraka: nimesaini sola ya "mpango wa jimbo" hapa Minnesota, naweza kughairi?

MzaramoBaridini (mwanzisha uzi)

Wadau habari za wikiendi. Niko Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa tisa huu, nyumba tulinunua 2021. Alhamisi jioni niko na tonge mkononi kabisa mlango ukagongwa, kufungua nakuta kijana mtanashati ana beji shingoni na tableti kwapani. Akaniambia gavana Walz kasaini sheria kwamba ikifika 2040 umeme wote wa Minnesota uwe safi, kwa hiyo kila nyumba itatakiwa iwe na sola, wanaowahi wanafungiwa bure na mpango wa jimbo na watakaochelewa watajilipia wenyewe. Mimi nikaenda kugoogle hapo hapo nikakuta kweli sheria ipo, imesainiwa Februari 2023, basi moyo ukatulia nikaona jamaa si tapeli.

Akasema andika jina kwa kidole hapa tuone kama unastahili. Nikaandika. Asubuhi naamka nakuta imeingia imeili ina kontrakti kurasa 31, jina langu lipo pale chini limekaa kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Kumbe ni lizi, yaani nakodishiwa paneli kwa miaka 25, dola 99 kwa mwezi, na kila mwaka inapanda asilimia 2.9. Bili yangu ya umeme sasa ni kama 110 kwa mwezi ukichukua wastani wa mwaka mzima, kwa hiyo kwa haraka haraka naona nafaidi dola 11, halafu jamaa alisema serikali itanirudishia asilimia 30 kwenye kodi.

Mama watoto yuko zamu za usiku hajaiona bado. Nifanyeje, niache iende au nighairi, na kama ni kughairi nina muda? Paa lina miaka 17 kama hilo linasaidia.

Omogaka_MN

Pole ndugu. Mimi niko hapa hapa Minnesota, niliweka yangu 2022 kwa pesa yangu, kwa hiyo hii kitu naijua vizuri na huyo kijana amekuchezea akili, maana amechukua ukweli mmoja akaufunga na uongo watatu.

Ukweli ni hiyo sheria. Asilimia 80 ya umeme iwe haina kaboni ikifika 2030 kwa zile kampuni kubwa za umeme, 90 ikifika 2035, na 100 ikifika 2040. Lakini soma inamwambia nani. Inaambia KAMPUNI ZA UMEME. Haikuambii wewe na paa lako. Kampuni inaweza timiza hiyo na upepo, na maji, hata nyuklia inahesabika, na tuko na mitambo ya nyuklia hapa Monticello na Prairie Island. Hakuna siku afisa atakuja kukuuliza paneli ziko wapi. Ukikaa bila kufanya lolote mpaka 2040, umeme wako utakuwa safi tu, itakuwa ni kazi yao.

Sasa hesabu yako. Hiyo 110 si umeme peke yake, angalia bili kuna laini ya ada ya kila mwezi, hiyo unalipa hata kama hujawasha balbu moja, na itabaki hata ukiweka sola. Yako ni ngapi?

MzaramoBaridini

Nimeangalia, ni kama dola 9. Halafu natumia uniti 8,100 kwa mwaka na kontrakti inasema paneli zitatoa hizo hizo 8,100.

Omogaka_MN

Basi 99 ya lizi ukiongeza 9 ni 108. Faida yako ni dola mbili. Mbili! Hiyo haitoshi hata chai ya asubuhi. Na mwaka wa pili lizi inapanda, kwa hiyo umeme wa kawaida usipopanda kwa kasi hiyo hiyo unaanza kulipa zaidi ya jirani yako ambaye hana paneli yoyote. Mwaka wa 25 utakuwa unalipa kama 197 kwa mwezi. Nimejumlisha yote ni karibu dola 42,700, na paneli si zako. Mimi yangu karibu saizi hiyo hiyo ililipiwa yote 22,400.

Nesi_wa_Riverside

Kaka usisaini kitu kingine mpaka uulize sheria ya jimbo lako inasemaje kuhusu umeme unaorudisha kwenye gridi, hapo ndo pesa ilipo, mengine yote kelele. Mimi niko California. Kaka yangu na mimi tunakaa mtaa mmoja, nyumba zinatazamana, paneli aina moja. Yeye maombi yake ya kuunganishwa yaliingia kabla ya tarehe 15 Aprili 2023, mimi nilikuwa nasubiri mshahara nikapeleka Mei. Yeye ana miaka 20 ya kulipwa ile bei ya zamani karibu sawa na anayonunulia, mimi umeme wangu wa mchana wanauchukua kwa senti za kuokota, wastani wanasema thamani ilishuka kama asilimia 75. Ikabidi ninunue na betri ili wa mchana niutumie usiku. Kila akija kunywa chai lazima aangalie paa langu halafu acheke.

Na hii ni California yenyewe ambayo ina sheria ya asilimia 100 tangu 2018, ya kufika 2045. Kwa hiyo jimbo linaweza kuwa na lengo kubwa la kupendeza na hapo hapo likabana mwenye paa.

Omogaka_MN

Asante dada, lakini hapo usimtishe, Minnesota ni tofauti. Sisi tuna sheria ya kurudisha umeme tangu 1983, kabla hata wengine humu hamjazaliwa. Kama mtambo wako uko chini ya kilowati 40 (nyumba ya kawaida haifiki hata 15), kampuni ya umeme inakupa bei ya rejareja, ile wanakuuzia. Kwa hiyo betri hapa si lazima, Januari paneli zimelala chini ya theluji lakini Juni zinafidia. Cha kuangalia ni kama unanunua umeme kwa kampuni kubwa au kwa ushirika ama manispaa, maana hao wawili bunge liliwaruhusu 2015 kutoza ada ya ziada kwa mwenye sola.

Pia jimbo halitozi kodi ya mauzo kwa vifaa vya sola, na thamani ya paneli haiongezi kodi ya nyumba. Huo ndio msaada wa jimbo ninaoweza kukutajia bila kuogopa. "Bure" haimo.

Shangazi_Dallas

Nyie mna bahati mnazungumzia sheria. Huku Texas Bush alipokuwa gavana alisaini sheria ya umeme jadidifu (wa upepo, jua na kadhalika) 1999, na ndo maana upepo umejaa magharibi kule mpaka unachoka kuhesabu mapanga, lakini kwa mtu mwenye paa hakuna sheria ya jimbo zima inayolazimisha nilipwe umeme ninaorudisha. Unatafuta mwenyewe kampuni ya rejareja yenye mpango mzuri, mkataba ukiisha unaanza upya kutafuta, kama unavyotafuta bando la simu.

luku_imeisha

Mimi nasoma nikiwa Mbagala gizani, uniti zimeisha saa 5 usiku na duka limefungwa. Endeleeni tu wakubwa, mtu analipwa na kampuni ya umeme, dunia hii.

MdauColumbus

Mzaramo, wengine wameongea hesabu, mimi nakuongezea kitu kimoja cha siasa. Usifunge kitu cha miaka 25 kwa kuamini kwamba sheria ya jimbo haitabadilika. Ohio tulikuwa na lengo la asilimia 12.5 ya umeme jadidifu, 2019 bunge likapitisha sheria inaitwa HB 6, lengo likakatwa hadi 8.5 na wateja wote tukabebeshwa kuokoa mitambo miwili ya nyuklia na miwili chakavu ya makaa. Baadaye ikajulikana kuna kama dola milioni 60 zilipita mlango wa nyuma, spika wa bunge wa wakati ule, Larry Householder, akala miaka 20 jela Juni 2023. Ya nyuklia ikafutwa 2021, ila ya makaa tuliendelea kuilipia miaka kadhaa zaidi. Mimi nilikuwa naiona kwenye bili yangu kila mwezi, senti kadhaa tu, lakini inauma ukijua ni za nini.

Nesi_wa_Riverside

Halafu mbona hakuna aliyegusa ile asilimia 30? Hiyo haikuwa ya jimbo, ni ya serikali kuu, na kwa mwenye nyumba ilikufa 31 Desemba 2025, ule muswada wa Trump wa Julai 2025 ndo uliiua. Na hata ingekuwa hai usingeipata, wewe unakodisha, krediti (hilo punguzo la kodi) anaichukua mwenye paneli. Kampuni za kukodisha zenyewe bado zina mlango wao wa krediti kwa muda, ndo maana mwaka huu hawagongi kuuza tena, wanagonga kukodisha. Kijana kakuahidi kitu ambacho bosi wake ndo atakula.

MzaramoBaridini

Aisee. Nimekaa hapa jikoni naisoma tena, ukurasa wa 19 imeandikwa kabisa kwamba krediti na motisha zote ni za kampuni. Na ukurasa wa 22 nikiuza nyumba mnunuzi lazima aikubali lizi ama niilipe yote. Sasa nighairi vipi, na nina mpaka lini? Nilisaini Alhamisi, leo Jumamosi.

Kaka_Karani

Una siku tatu za kazi, kwa hiyo mpaka Jumanne usiku. Usiwe na presha.

Mama_Paralegali

HAPANA, mtampoteza mwenzenu. Nafanya kazi ofisi ya wakili St. Paul. Ile kanuni ya serikali kuu ya mauzo ya mlangoni inasema siku tatu za kazi, lakini JUMAMOSI INAHESABIKA. Jumapili na sikukuu za taifa ndo hazihesabiki. Alhamisi umesaini, Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumatatu tatu. Mwisho wako ni Jumatatu saa sita usiku, si Jumanne.

Tena usipige simu. Simu watakuambia meneja hayupo, atakupigia kesho, na hiyo kesho ndo siku yako inapita. Walitakiwa wakupe fomu ya kughairi nakala mbili, itafute kwenye hiyo imeili, mara nyingi ni ukurasa wa mwisho kabisa. Jaza, saini, weka tarehe, piga picha, halafu Jumatatu asubuhi nenda posta uitume kwa barua ya rejista upewe risiti. Inayohesabika ni muhuri wa posta, si siku watakayoipokea. Ukikosa fomu andika barua yako mwenyewe mistari miwili, naghairi kontrakti namba fulani ya tarehe fulani. Usieleze sababu, sababu haihitajiki na ukiieleza unawapa pa kubishania.

Tuma na imeili pia, ila barua ndo kinga yako. Wakikusumbua baada ya hapo, malalamiko yanapelekwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, hawa mambo ya sola wanayajua, 2024 walishtaki wakopeshaji wa sola kwa ada walizoficha ndani ya mikopo.

Kaka_Karani

Samahani mkuu, nilikuwa nahesabu kwa kalenda ya kazini kwetu.

Omogaka_MN

Ukishamaliza hiyo, kama bado unataka sola, anza na paa. Miaka 17 ni mingi kwa hizi shingili (vigae vya lami) za huku, ukiweka paneli leo halafu paa livuje baada ya miaka minne utalipa watu wazitoe, ulipe fundi paa, ulipe tena wazirudishe. Na kama kuna mti unatupa kivuli upande wa kusini sema.

Ama kama hutaki kugusa paa kabisa, kuna hizi bustani za sola, sheria yake ni ya 2013 na wakaifanyia marekebisho 2023 ili familia za kipato cha chini na cha kati zipate nafasi zao. Unajiunga na paneli ziko shambani huko, krediti inaingia kwenye bili yako. Binamu yangu anapanga nyumba na yuko nayo. Hapo pia soma masharti ya kujitoa, lakini angalau hakuna mtu atatoboa paa lako.

MzaramoBaridini

Mrejesho wadau. Fomu nimeikuta ukurasa wa 31 kama ulivyosema Mama Paralegali, Mungu akubariki. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa mtu wa pili kwenye foleni posta, risiti iko kwenye friji nimeibana na ile sumaku ya tembo. Ilibidi nimweleze mama watoto kwa sababu aliiona, akanuna siku nzima, kisha akaisoma kontrakti yote kurasa 31 akiwa mapumzikoni kazini, akanipigia simu kuniambia na ukurasa wa 14 nao una balaa lake.

Omogaka, mwaloni upo, wa jirani, na uko kusini kabisa. Nitaanza na paa, sola tutaongea mwakani.

Jana jamaa karudi na tableti yake, anasema imeili ya kughairi lazima ni makosa ya mtandao. Mama watoto ndo kamfungulia. Akamwambia karibu mwanangu, kwanza niambie, umeme wetu hapa sasa hivi ni senti ngapi kwa uniti? Kijana akainamisha kichwa akaanza kutafuta kwenye tableti. Nimemaliza kula, nimeosha na sahani, bado anatafuta.