Furu wa Ziwa Victoria: je, spishi mpya huhitaji mamilioni ya miaka?

Kijana wa Mwaloni aliuliza:
Wanajukwaa, salaam. Shuleni tulifundishwa kwamba spishi mpya hutokea polepole mno, kwa mamilioni ya miaka. Hata hivyo, nimesoma kwamba Ziwa Victoria lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, lakini limekuja kuwa na spishi zaidi ya 500 za samaki wadogo waitwao furu, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine duniani. Mambo haya mawili yanapatanaje? Na kama furu hawa ni ndugu wa karibu kiasi hicho, ni nini kinachowazuia wasichanganyike wakawa samaki wa aina moja?

Mwalimu wa Sayansi alijibu:
Ndugu, mageuko hayana muda maalumu. Yanategemea vizazi, nguvu ya uteuzi asilia, na tofauti za kurithi zilizopo tayari. Furu hukomaa na kuzaa katika muda wa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo miaka 15,000 kwao ni vizazi vingi sana. Zaidi ya hapo, hawakuanza na mtaji mdogo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba asili yao ni koo mbili zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Naili ya juu, ambazo zilikutana na kuzaliana, hivyo kizazi chao kikarithi mchanganyiko mkubwa wa jeni. Ziwa lilipojaa upya, kulikuwa na kina tofauti na vyakula tofauti, na uteuzi ukapata malighafi ya kuchambua. Tena furu ana taya la pili kooni, linalosaga chakula, hivyo lile la mdomoni hubaki huru kubadilika kulingana na namna ya kukamata mawindo.

Binti Ukerewe alijibu:
Naongezea kuhusu swali la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Katika Ghuba ya Speke, kwenye miamba ya kisiwa cha Makobe, wapo furu wawili wanaokaribiana sana. Dume wa Pundamilia pundamilia ni wa buluu na hukaa karibu na uso wa maji, ilhali dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ana mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Kadiri unavyoshuka katika maji yale, mwanga wa buluu hupotea mapema na mwekundu hubaki, na macho ya samaki wa chini huhisi wekundu vizuri zaidi. Majike huchagua madume kwa rangi, basi kila kundi huzaliana lenyewe. Miili yao haijawekeana kizuizi: wakipandana, machotara wao huzaa bila shida. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba pale maji yalipochafuka kwa rutuba inayotiririka kutoka nchi kavu, rangi hazionekani vizuri na spishi huanza kuyeyukiana.

Kijana wa Mwaloni:
Nashukuru sana, dada. Je, na sangara, yule samaki mkubwa anayekula samaki wenzake? Alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwamaliza furu wengi. Waliosalia wamebadilika?

Mwalimu wa Sayansi:
Wamebadilika. Furu mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, aliporejea kwa wingi, alikutwa na matamvua (viungo vya kupumulia) makubwa zaidi, jambo linalofaa katika maji yenye oksijeni kidogo, na anakula viumbe wakubwa kuliko zamani. Hapa lakini tusiwe wepesi wa kuita kila badiliko mageuko. Astatoreochromis alluaudi, mla konokono, akilelewa kwa chakula laini taya lake la kooni huwa jembamba katika uhai wake huohuo, bila jeni zake kubadilika. Ili kuamua juu ya matamvua yale, inabidi kuwalea watoto wa samaki hao katika maji yenye oksijeni ya kutosha, kisha kuwapima kama matamvua yao bado ni makubwa.