Mwambieni yule mzee wa Coco sikumwomba samaki

Wakuu, naandika mkono unatetemeka kwa hasira, makosa ya herufi mnivumilie.

Huyu mzee mnamjua. Yule wa kwenye mawe ya ufukwe wa Coco, kapelo ya njano iliyopauka, mshipi kauzungushia chupa ya maji ya lita moja na nusu. Hakuna mtu mwenye ndoana Dar hii hajawahi kusemwa naye.

Nimenunua fimbo ya kaboni, rili na uzi wa kusuka. Laki tisa! Kwa hela hiyo ningeoa na sherehe ndogo ningefanya. Nimesimama pale maji yanajaa, narusha mbali mpaka Zanzibar wanasikia bildi, ule uzito wa kuzamisha uzi, ikidondoka. Mzee yuko pembeni yangu, chambo kipande cha ngisi, anadondosha hapo hapo miguuni pake. Changu. Kichewa. Changu tena.

Hilo ningelimeza. Sasa wakati anaondoka ananipitia, anaingiza mkono kwenye ndoo ya rangi, anatoa kichangu hakijai kiganja, ananiwekea mkononi. "Shika kijana, kawape watoto. Usirudi nyumbani na mlingoti mtupu."

MLINGOTI. Na foleni nzima ya mihogo inaangalia! Muuza mihogo kacheka mpaka kachumbari ikamwagika.

Narudia: alinipa samaki. Mkononi. Mbele za watu. Mkono huu laki tisa, mkono huu changu wa msaada. Na watoto mwenyewe sina.

Sitaki mjadala wa vifaa. Vifaa ni vizuri, beringi zinateleza, breki inashika. Tatizo ni yule mzee.

Ndoana Butu: Changu ulimla au hukumla? Anza na hilo.

Mwenye uzi (mwanzisha mada): Halihusiani.

Ndoana Butu: Kamla huyu.

Binti Magogoni: Mlingoti mtupu 😂😂 nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga ukuta.

Nahodha Bamvua: Mkuu, maji yakijaa samaki wanasogea kwenye mawe kutafuta vikaa. Wewe unawafuata huko mbali, wao wamekupita miguuni. Fimbo ndefu ni ya ufukwe wa mchanga, uvushe chambo nyuma ya mawimbi. Pale Coco nailoni na ndoana kali vinatosha. Siyo kwamba vya bei ni ujinga, mimi rili yangu ilijilipa Mafia siku nilipokamatana na kolekole, kwa mshipi wa mkono angenichana vidole. Ila ioshe kwa maji yasiyo ya chumvi leo leo, chumvi haiulizi umenunua shilingi ngapi.

Mwenye uzi: NIMESEMA SITAKI MJADALA WA VIFAA. Mkononi alinipa!

Mzee wa Migonzo: Watu wa pwani mnadekezwa. Huku Mwanza mgonzo mmoja, ile kamba ndefu ya kutega, una ndoana mpaka unachoka kuhesabu, na kila moja inataka kambale mdogo wa chambo, nanunua kwa hela. Nyavu za sangara za inchi 6 nazo siyo bei ya karanga. Unatega jioni, asubuhi unakuta maboya tu, wezi wamepita. Mwenzenu kapewa samaki analia, mimi nimeibiwa nyavu nani alinipa pole?

Ndoana Butu: Pole.

Kigoma Kwetu: Nyavu za kuibiwa ni nyavu zilizokuwa majini. Sisi 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Miezi mitatu nyavu ziko uvunguni, panya wamezitoboa bila hata kupata dagaa.

Mwenye uzi: Jamani, uzi wangu.

Nahodha Bamvua: Ziwa kupumzika ni sawa, mkuu. Samaki wanazaana.

Kigoma Kwetu: Na wanangu walipumzika kula?

Binti Magogoni: Mnalia nyie mnaovua, njooni soko la samaki la Feri mnadani msimame na mimi. Dalali anapandisha bei huku anaangalia simu. Ukishinda beseni la vibua, chini kumejaa vilivyolainika. Ukiuliza unaambiwa dada, wewe si uliona? Niliona ya juu!

Mzee wa Migonzo: Barafu yenu bei gani siku hizi?

Binti Magogoni: Usinikumbushe barafu, nitamtukana mtu.

Mwenye uzi: Kuna mtu anamfahamu huyo mzee anakaa wapi?

Kigoma Kwetu: Samahani wakuu, migebuka mikavu kwa Dar naipata wapi? Kuna mgonjwa ameniagiza.

Binti Magogoni: Njoo PM. Mkopo hakuna.